Umevunjika au Umevunjwa? Neno Juu ya Wimbo wa Njaa ya Uhabeshi

Kila mwalimu aliyefundisha sarufi ya Kiswahili ajua somo moja ambalo watoto hulifahamu upesi kuliko yote, kwa kuwa wamekwisha kulijua nyumbani kabla ya kuja shule. Mtoto akitumwa kisimani, akacheza njiani, akarudi mikono mitupu, hamwambii mama yake, "Nimevunja mtungi." Husema, "Mtungi umevunjika." Shina la neno ni lile lile, walakini kwa kugeuza mwisho wake kidogo tu mtenda ametoweka, na mtungi ni kama uliojivunja wenyewe. Mama mwenye busara hunyamaza kwanza, kisha huuliza: "Umevunjika, au umevunjwa? Na kama umevunjwa, aliyeuvunja ni nani?"

Twalilikumbuka somo hili siku za Krismasi iliyopita. Vijana wa kwaya walikuwa wamepumzika chini ya mwembe wakingoja zamu yao ya mazoezi, na redio ya duka la jirani ikapiga wimbo wa Kiingereza ambao hupigwa kila mwaka majira hayo. Wakatuomba tuwafasirie maneno yake. Tukawafasiria kwa kifupi: kwamba ni wimbo wa kuwaombea msaada wenye njaa wa Uhabeshi, nchi iitwayo siku hizi Ethiopia; na kwamba jina lake lauliza kama watu wale wajua ya kuwa ni Krismasi. Binti mmoja akatutazama, akasema, "Mwalimu, kwani Wahabeshi si Wakristo tangu zamani?" Kisha akauliza neno la pili: "Na njaa hiyo, ililetwa na nini?"

Swali la kwanza tulilijibu palepale. La pili tuliliahidi jibu siku nyingine, maana si la kujibiwa kwa dakika mbili chini ya mwembe. Jibu lenyewe ndilo tuandikalo leo.

Wimbo wenyewe waitwa "Do They Know It's Christmas?" Waliotunga ni mabwana wawili, Bob Geldof wa Ireland na Midge Ure wa Scotland. Waimbaji mashuhuri wa Uingereza na Ireland walikusanyika London tarehe 25 Novemba 1984, wakajiita Band Aid, wakauimba kwa siku moja pasipo kutoza ujira. Miezi michache baadaye, tarehe 13 Julai 1985, likafanyika tamasha kubwa lililoitwa Live Aid, mahali pawili kwa siku moja, London katika Uingereza na Philadelphia katika Marekani, likaonyeshwa kwa televisheni katika nchi zaidi ya 100. Twataka kuyapima mambo haya mawili, wimbo na tamasha, kama tupimavyo insha ya mwanafunzi: kwanza kilicho chema, kisha kilicho kasoro, na mwisho sababu ya kasoro hiyo.

Tuanze na kilicho chema, tena tukiseme bila ubahili. Tarehe 23 Oktoba 1984 shirika la utangazaji la Uingereza, yaani BBC, lilionyesha picha za kambi ya Korem katika nyanda za juu za kaskazini ya Uhabeshi. Msimulizi alikuwa Bwana Michael Buerk. Aliyezipiga picha alikuwa Bwana Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, mtu wa kwetu Afrika ya Mashariki. Zilionyesha alfajiri yenye baridi, na maelfu ya watu wamelala chini wamefunikwa kwa shuka, na mama na mtoto waliokufa usiku wakiviringishwa pamoja. Vituo vya televisheni zaidi ya 400 duniani vilizionyesha picha hizo. Wengi walitazama, wakasikitika, wakaendelea na chakula chao cha jioni. Bwana Geldof hakuendelea. Alisimama, akawaita wenzake, akafanya kazi, na kwa wimbo na tamasha zikapatikana zaidi ya dola milioni 100. Kwa fedha hizo vilinunuliwa nafaka, dawa na magari ya kuchukulia mizigo. Wako watu wazima leo, wenye watoto wao, ambao wangalikuwa makaburini kama si uji ule. Mtu asemaye kwamba kazi ile haikuwa kitu chochote huyo hakuupima mzani sawasawa.

Tena yafaa tuondoe shitaka moja kabla hatujafika kwenye mashitaka yetu. Husemwa mara nyingi kwamba fedha za tamasha ziliibwa au zilinunuliwa bunduki. Mwaka 2010 BBC yenyewe ilitangaza habari zilizowafanya watu wafikiri hivyo, kisha katika Novemba ya mwaka ule ule ikaomba radhi hadharani, maana haikuwa na ushahidi kwamba fedha za Band Aid zilipotezwa namna hiyo. Basi sisi hatumshitaki mtu kwa wizi. Shitaka letu ni jingine, na kwa maoni yetu ni zito zaidi.

Kasoro ya kwanza ya wimbo ni kutojua. Haukuitaja Uhabeshi hata mara moja. Wasema Afrika tu, kana kwamba bara zima ni shamba moja lililokauka. Waeleza nchi isiyo mvua wala mito. Walakini Uhabeshi ndiyo nchi ya ziwa Tana, litokako Abay, mto ambao ulimwengu wauita Nile ya Buluu, nao huinywesha Misri. Na habari ya Krismasi, mfalme Ezana wa Aksum aliupokea Ukristo katika karne ya 4. Nyumba za ibada za Lalibela, 11 kwa hesabu, zilizochongwa katika mwamba mmoja mmoja karne nyingi zilizopita, ziko katika jimbo la Wollo, jimbo lile lile lililokuwa likifa njaa; na kila mwaka tarehe 7 Januari mahujaji huzikusanyikia huko kwa ajili ya sikukuu ya kuzaliwa kwake Bwana. Watu waulizwao kama waijua Krismasi ndio walioitunza zaidi ya miaka 1,600.

Lakini kasoro hii ni ya kusameheka. Mtunzi aliandika kwa haraka, akiandikia watu wa kwao, na mtu aweza kukosea jiografia huku moyo wake ukiwa safi. Kama lingekuwa hilo tu, tusingalichukua kalamu.

Kasoro ya pili ndiyo ya sarufi tuliyoanza nayo. Katika wimbo mzima hamna mtenda. Njaa ipo kama vile usiku ulivyopo. Watu wanateseka, lakini hakuna awatesaye. Chakula hakipo, lakini hakuna aliyekizuia. Hata Bwana Buerk katika masimulizi yake aliifananisha njaa ile na njaa za zama za Biblia, na msikilizaji akadhani ni pigo lililoshuka kutoka mbinguni juu ya watu wenye bahati mbaya. Mtungi umevunjika. Na kwa kuwa umevunjika tu, kazi iliyobaki ni kununua mwingine.

Sasa tusikilize jinsi ulivyovunjwa.

Ilikuwako njaa nyingine kabla ya hiyo. Mwaka 1973 watu wengi sana walikufa katika Wollo, na serikali ya mfalme Haile Selassie ikaificha habari hiyo kwa kuona haya. Mwingereza mmoja, Bwana Jonathan Dimbleby, akaifichua kwa sinema iliyoonyeshwa kwao Oktoba mwaka ule. Tarehe 11 Septemba 1974 askari waliotaka kumwangusha mfalme waliionyesha sinema hiyo katika televisheni ya nchi yao, wakiichanganya na picha za mfalme akifanya karamu. Siku ya pili yake mfalme akatolewa katika jumba lake. Askari hao wakatawala wakijiita Derg, maana yake kamati. Na baada ya kuuana wenyewe kwa wenyewe mkubwa wao akawa Mengistu Haile Mariam. Katika miaka ya 1977 na 1978 waliwaua vijana maelfu kwa maelfu katika mji wa Addis Ababa na kwingineko, na wenyewe walikiita kitendo hicho kwa jina la Hofu Nyekundu. Haya yalijulikana duniani miaka sita kabla ya wimbo kuimbwa.

Basi askari hao walijua vema picha ya mwenye njaa ina nguvu gani, maana ndiyo iliyowaketisha kitini. Mwezi wa Septemba 1984 walitimiza miaka kumi ya utawala wao. Mji ukapambwa kwa matao na bendera na sanamu kwa msaada wa mafundi wa Korea ya Kaskazini, chama kipya kikazinduliwa, karamu zikafanywa. Dawit Wolde Giorgis, mkuu wa idara ya serikali ya kuwasaidia walioathirika, alikuwa amewaomba wafadhili msaada tangu mwezi wa Machi mwaka ule. Lakini sherehe haikutaka kuharibiwa kwa habari za maiti, na waandishi wa magazeti wakazuiwa wasiende kaskazini mpaka sherehe imekwisha. Ndiyo sababu picha za Korem zilionekana Oktoba. Karamu ya mfalme na karamu ya waliompindua mfalme ni karamu moja. Kilichogeuka ni nguo za walioketi mezani.

Mvua ilikosekana, na hilo ni kweli. Lakini mkulima wa Uhabeshi hakuanza jana kukosa mvua. Ana njia zake: huuza mbuzi, hununua nafaka kwa jirani mwenye ziada, huenda kufanya kibarua jimbo jingine, hungoja mwaka upite. Serikali ilizifunga njia hizo zote, moja baada ya moja. Mkulima alilazimishwa kuliuzia shirika la serikali sehemu ya mavuno yake kwa bei iliyopangwa na serikali. Mfanyabiashara alikatazwa kuchukua nafaka kutoka jimbo lenye shibe kwenda jimbo lenye njaa. Na huko Tigray na Eritrea, ambako watu wenye silaha walikuwa wakiipinga serikali, jeshi liliyachoma mashamba na maghala, na ndege zikapiga mabomu masokoni hata watu wakahamisha masoko yao yakawa ya usiku. Wazo hilo lipate nafasi moyoni mwako, msomaji: mama anauza kibaba cha mtama gizani, pasipo taa, kwa kuhofu ndege ya serikali yake mwenyewe.

Mtaalamu mmoja, Bwana Alex de Waal, aliyaandika haya yote kwa urefu katika kitabu kilichotoka mwaka 1991. Alionyesha kwamba ramani ya njaa kali na ramani ya vita zilikuwa karibu ramani moja. Tena imeandikwa ya kuwa mwezi wa Desemba 1984 kaimu waziri wa mambo ya nje wa nchi ile alimwambia mjumbe wa Marekani, bila kuficha, kwamba chakula ni sehemu kubwa ya mashauri yao katika kupigana na waasi. Wimbo ulikuwa ukiuzwa madukani wiki zile zile.

Twafika sasa penye jambo lenye uchungu kuliko yote. Katika Novemba 1984 serikali ilianza kazi iliyoitwa ya kuwahamisha watu. Ilisemwa kwamba nyanda za kaskazini zimechakaa, na kwamba watu milioni moja na nusu watapelekwa kusini magharibi kwenye ardhi yenye rutuba. Kwa kuisikia tu, habari hiyo yaonekana njema. Lakini wenye kuhamishwa hawakuulizwa. Watu walikuja kambini kutafuta chakula, na huko kambini askari wakawakamata. Mume alichukuliwa, mke akaachwa. Mtoto akabaki kwa jirani. Walipakiwa katika malori na katika ndege za Kirusi zilizojengwa kwa kuchukua mizigo, wakabanwa hata wengine wakafa njiani. Walipofika walikuta msitu, homa ya malaria ambayo watu wa milimani hawakuizoea, na nyumba hamna. Watu wapata 600,000 walihamishwa hivyo. Bwana de Waal akadiria kwamba waliokufa hawapungui 50,000. Wengine walisema 100,000.

Tazama basi jinsi lilivyo jambo la kutisha. Chungu cha uji kilichonunuliwa kwa huruma ya watu wa mbali kilifanywa chambo. Mwenye njaa alikiendea kama samaki aendeavyo ndoana. Habari zikaenea vijijini, na wengine wakaona heri kufa nyumbani kuliko kwenda penye chakula. Wapata 200,000 wa Tigray walitembea kwa miguu mpaka Sudan badala ya kwenda kambini kwa serikali yao. Watu wenye njaa wakipita karibu na chakula wakaenda mbali kukitafuta kwingine, hiyo yenyewe ni taarifa, hata kama hakuna aliyeiandika.

Wauguzi na waganga wa Kifaransa wa shirika la Médecins Sans Frontières walikuwako kambini, wakayaona. Mkuu wao alikuwa Bwana Rony Brauman. Katika mwaka 1985 wakasema hadharani ya kwamba msaada unatumiwa kuwaangamiza wanaosaidiwa, wakaomba kazi ya kuhamisha watu isimamishwe na wahisani wote waungane kuidai. Hawakuungwa mkono. Katika Desemba 1985 serikali ikawafukuza katika nchi. Mashirika mengine mengi yakanyamaza, na mengine yakawalaumu Wafaransa kwa kuchanganya dawa na siasa. Bwana Geldof naye alijulikana kwa kusema yu tayari kushikana mkono hata na shetani ili awafikie wenye njaa. Na mashabiki wa tamasha, mamilioni kwa mamilioni, hawakuambiwa neno. Waliendelea kuuimba wimbo usio na mtenda.

Kila mmoja wetu amefundishwa habari za msafiri aliyeangukia kati ya wanyang'anyi, na mgeni aliyemhurumia akampeleka katika nyumba ya wageni na kumlipia. Ni mfano wa upendo, wala hatutaki kuugeuza. Lakini na tuulize swali dogo: ingalikuwaje kama mwenye nyumba ile ya wageni ndiye aliyekuwa mkubwa wa wanyang'anyi? Mgeni mwema angalimwachia fedha zake, akaenda zake kwa moyo mkunjufu, na majeruhi angalibaki kitandani akimtazama mwenyeji wake.

Najua, au tuseme twajua, jibu litakalotolewa hapa, nalo si jibu la mjinga. Watasema: "Mkifumbua vinywa mtafukuzwa, na mkifukuzwa watoto watakufa. Afadhali kunyamaza na kulisha." Tumelitafakari jibu hili siku nyingi. Mtu ambaye hajawahi kushika kijiko mbele ya mtoto mwenye njaa asilidharau. Mwuguzi aliyebaki Korem akanyamaza ili aendelee kufunga vidonda, sisi hatutamrushia jiwe. Yeye aliliona tendo, akalia moyoni, akachagua.

Lakini zipo sababu tatu zinazotufanya tusiridhike.

Kwanza, haikuwa kweli kwamba njia ilikuwa moja tu. Yalikuwako makanisa na mashirika yaliyopeleka nafaka kutoka Sudan kuingia Tigray na Eritrea, malori yakienda usiku na kujificha mchana chini ya miti kwa kuogopa ndege. Walifika penye watu ambao serikali ilikusudia wasifikiwe. Kazi yao haikuwa na jukwaa wala taa, na sehemu kubwa ya msaada wa dunia haikupita kwao. Ilipita bandarini na katika miji iliyoshikwa na serikali, hali wenye njaa wengi walikuwa upande wa pili.

Pili, sauti haikuwa bure. Baada ya Wafaransa kufukuzwa na kelele kuenea katika magazeti, mwanzoni mwa mwaka 1986 serikali iliisimamisha kazi ile ya kuwahamisha watu kwa muda. Hatusemi kelele peke yake ndiyo iliyofanya hivyo. Twasema tu kwamba watawala wale walijali kusemwa, maana walihitaji fedha na sifa za wageni. Kama kundi moja dogo la waganga lilisikiwa hata likaogopwa, je, mtu ambaye dunia nzima ilimsikiliza siku moja ya Julai angalisikiwa namna gani? Alikuwa na masikio ya watu wengi kuliko mfalme yeyote. Akawaomba fedha tu.

Tatu, kunyamaza ni jambo moja, na kufundisha watu kwamba hakuna la kusemwa ni jambo jingine. Mwuguzi alinyamaza akijua. Wimbo uliwafanya mamilioni wasijue kwamba liko la kujua. Hapo ndipo tuonapo kosa la sanaa lenyewe, mbali na kosa la shauri. Mtunzi anayo haki ya kufupisha, maana wimbo si kitabu cha historia. Lakini akifupisha hata mwuaji akatoka katika hadithi pamoja na maneno ya ziada, hakufupisha; ameandika hadithi nyingine. Na mwuaji apenda sana kuachwa nje ya hadithi.

Mtu atauliza, kwa nini watu wema namna ile walikuwa wepesi hivyo wa kutoona? Twadhani ni kwa sababu walikuwa na hadithi yao tayari, na ndani yake walikuwamo watu wawili tu: mhisani na mwenye njaa. Mtu wa tatu, mwenye bunduki na muhuri wa serikali, angaliiharibu hadithi. Angaliwalazimisha kumtazama mwenye njaa kama raia mwenye haki aliyodhulumiwa, wala si kama mkono ulionyoshwa tu. Picha ya mkono ulionyoshwa humpa mtazamaji furaha ya kutoa. Picha ya raia aliyedhulumiwa humpa kazi, nayo kazi hiyo haiishi kwa jioni moja.

Walakini tusiwacheke wageni peke yao. Makao ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika yalikuwa Addis Ababa. Mengistu mwenyewe ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake tangu mwaka 1983, na wakuu wa nchi zetu walikutana katika mji ule ule mwezi wa Novemba 1984, mwezi ambao wimbo uliimbwa na kuhamishwa kwa watu kukaanza. Walisema mengi juu ya njaa na juu ya ukame. Ni nani kati yao aliyesimama kuuliza juu ya mabomu ya masokoni? Waimbaji wa London waweza kusema, "Hatukujua." Majirani hawana neno hilo. Desturi yetu ya kusema kwamba mambo ya nyumba ya mwenzako si yako ni njema panapo ugomvi wa mke na mume juu ya chumvi. Si njema panapo kilio cha mtu anayeuawa.

Mambo yale yamepita. Mengistu alikimbilia Zimbabwe mwezi wa Mei 1991, na Desemba 2006 mahakama ya nchi yake ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari, hali hayupo. Dawit Wolde Giorgis, yule mkuu wa idara ya msaada, alikuwa amekwisha kuiacha serikali tangu mwaka 1985, akaandika kitabu juu ya yale aliyoyaona akiwa ndani. Jina lake kwa Kiingereza lina maana ya Machozi Mekundu. Lakini wimbo haukupita. Uliimbwa upya mara kadhaa na waimbaji wapya, na mwaka 2024, ulipotimiza miaka 40, ukatolewa tena, na baadhi ya waimbaji, Waafrika na wasio Waafrika, safari hii wakaulaumu wazi. Twafurahi kwamba lawama imefika. Hata hivyo nyingi ya lawama hiyo ni juu ya kasoro ya kwanza, yaani heshima ya Afrika na picha yake mbele ya wageni. Ni halali, lakini haitoshi. Mtu aliyekufa katika lori la kuhamishwa hakuuawa na picha mbaya.

Basi sisi tusomao na kusikiliza tufanye nini? Hatuwaambii watu waache kutoa. Sanduku la msaada likija kijijini kwa ajili ya wenye njaa wa nchi yoyote, na watoe, na watoe vizuri. Ila kabla ya kutoa, au hata baada ya kutoa, waulize maswali ambayo mama huuliza. Chakula hiki kitapita mkononi mwa nani? Je, wako walio upande wa pili wa mto wasioruhusiwa kukipata? Na wale wanaolishwa, wana ruhusa ya kuondoka watakapo? Asiyeweza kujibu maswali haya si mwovu, lakini bado hajaijua kazi aliyoianza.

Yule binti wa kwaya alirudi Jumamosi iliyofuata kudai jibu lake. Tulimwandikia ubaoni sentensi mbili. Ya kwanza: *Wahabeshi walikufa kwa njaa.* Ya pili: *Wahabeshi waliuawa kwa njaa.* Tukamwuliza ipi ni sahihi. Alizitazama kwa muda, akasema zote mbili ni sahihi kwa sarufi, lakini ya pili haijakamilika. Tukamwuliza imepungukiwa na nini. Akachukua chaki, akaongeza neno *na*, kisha akatugeukia akingoja tumtajie jina.